Matembezi ya Mtoto Mdogo Kapsokwony

Likizo ya Desemba inakaribia, na si familia chache za pwani zitakazopanda basi kuelekea magharibi. Tuna mabinti walioolewa huko, waume walioajiriwa Bungoma na Kitale, na mashemeji waliotualika kitambo. Kwa atakayefika Kapsokwony, mji mdogo ulioegemea ubavu wa Mlima Elgon juu ya Kimilili, suala la kwanza huwa hili: mtoto wa miaka mitatu au minne tumtembeze wapi?

Wenyeji wengi watawatajia mapango. Mbuga ya Taifa ya Mlima Elgon, iliyotengwa mwaka 1968, ina Pango la Kitum, ambamo ndovu huingia usiku wakachokoa chumvi ukutani kwa pembe zao. Ni ajabu miongoni mwa ajabu za Mola. Hata hivyo, mwaka 1980 na tena mwaka 1987, watu wawili walipatwa na homa ya Marburg baada ya kuzuru pango hilo, na wote wawili wakafariki. Wa pili alikuwa mvulana wa miaka 15. Virusi hivyo hubebwa na popo wa matunda. Ni kweli kwamba wageni wengi wameingia wakatoka salama, lakini mtoto mdogo hushika kila kitu kisha akatia mkono kinywani. Kwa maoni yangu, msimwingize. Msimulieni kisa cha ndovu walao chumvi gizani anapokwenda kulala. Atakifurahia kuliko pango lenyewe, na safari ndefu ya kuzunguka hadi Lango la Chorlim kwa njia ya Kitale na Endebess mtakuwa mmeiepuka.

Mtoto wa umri huo hana haja ya mbali. Mtume wetu (S.A.W.) alipokuwa akizuru nyumba ya Umm Sulaym, alikuwa akimchangamkia mtoto mdogo wa nyumba hiyo, Abu Umayr, na kumwuliza kwa maneno yenye vina habari za kidege chake. Mzigo wote wa umma ulikuwa mabegani mwake, na bado alipata nafasi ya kuulizia kidege. Akina baba watakaosoma makala haya walizingatie hilo kabla ya kuketi barazani na simu.

Basi mtembezeni kijitoni. Vijito vingi huteremka kutoka mlimani upande huu wa kusini, na maji yake ni baridi kiasi cha kumshangaza mtoto aliyezoea bahari. Mwacheni atupe mawe, mwacheni aelekeze jani majini kama mtumbwi. Kisha mwambieni linakokwenda: Mto Nzoia, Ziwa Victoria, Mto Nile, hata Misri. Yaani maji ya Kapsokwony hayaji kwetu Mombasa kabisa, yanakwenda kule ambako mama yake Nabii Musa (A.S.) alimweka mwanawe ndani ya sanduku na kumtia mtoni kwa amri ya Mola wake. Mtoto atauliza kama jani lake litafika. Atauliza tena kesho, na kesho kutwa. Mkono wake tu usiachiliwe, kwa kuwa mvua ikinyesha juu mlimani kijito hujaa ghafla hata kama mlipo nyinyi jua linawaka.

Tokeni asubuhi, baada ya umande kukauka. Sweta, kofia na viatu vya mpira ni lazima. Kikanzu chepesi cha Eid hakitamfaa. Nanyi dada zangu, buibui refu litavuta udongo wote mwekundu wa Elgon, basi lipandisheni kidogo juu ya suruali pana na viatu vilivyofunika mguu.

Chakula kisiwe karamu. Mama aliyeamka kabla ya alfajiri kukaanga, kufunga na kubeba, kisha akarudi kuosha vyombo, hakutembea, alihamisha jiko. Viazi vya kuchemsha, ndizi na maziwa hupatikana huko huko. Nyama ndiyo ya kuulizia mchinjaji wake. Bebeni mkeka wa kuswalia na chupa ya maji ya udhu, na baba abebe kikapu.

Mkitaka siku moja ya mbali kidogo, nendeni Kitale. Makumbusho ya hapo, yaliyofunguliwa mwaka 1974, yana nyumba za kienyeji za jamii za magharibi na njia ya kutembea msituni. Hifadhi ya Saiwa, iliyoanzishwa mwaka huo huo, ndiyo mbuga ya taifa ndogo kuliko zote Kenya, takriban kilomita tatu za mraba, na hutembelewa kwa miguu. Njia za mbao hupita juu ya kinamasi, na kuna minara ya kumchungulia nzohe, swala wa majini mwenye kwato ndefu. Asubuhi mapema ndio wakati wake, kabla hajajificha kwenye matete. Mtoto akichoka kabla ya kumwona, rudini. Malipo ya mbuga hufanywa kwa njia ya eCitizen, kwa hiyo yakamilisheni mjini Kitale kabla ya kuondoka, simu ikiwa bado ina chaji.