Mguu Unaouma Ukitembea

Ndugu mkulima, labda unamjua mzee hapo skimu ambaye akipeleka maziwa hawezi kufika bila kusimama mara mbili tatu. Shavu la mguu humbana. Akisimama kidogo, maumivu huisha. Akienda tena, yarudi. Watu husema ni baridi yabisi. Huenda sivyo. Mara nyingi ni mshipa upelekao damu mguuni ambao umezibwa na mafuta na chokaa. Ukingoja, maumivu yaweza kuja hata usiku kitandani, kidonda kidogo cha kidole chaweza kukataa kupona, na mwisho mguu waweza kukatwa.

Zamani dawa ilikuwa kisu tu. Kisha mwaka 1964, huko Portland, Marekani, Daktari Charles Dotter alimtibu bibi wa miaka 82 aliyekataa kukatwa mguu. Hakumpasua. Alipitisha waya na mirija ndani ya mshipa wa paja, akaupanua, na bibi akatembea.

Siku hizi kisu na waya hufanya kazi pamoja, kwa mgonjwa aliyeziba mahali pawili. Mshipa wa kinena u karibu na ngozi, tena hukunjwa kila uketipo. Ukiwekwa kijibomba cha wavu wa chuma hapo, chaweza kuvunjika. Basi mpasuaji huufungua, hutoa uchafu, na kushona kiraka. Wewe mfugaji utafurahi kusikia kwamba kiraka hicho mara nyingine hutoka katika utando unaofunika moyo wa ng'ombe! Lakini mshipa wa juu, ndani ya nyonga, u mbali. Kuufikia kwa kisu ni kazi kubwa ya tumboni. Kwa hiyo, kwa kupitia hapo hapo kinenani, daktari hupandisha waya akitazama picha ya eksirei, hujaza kipuli kuupanua mshipa, na kuacha kijibomba ndani. Yote kwa siku moja.

Hii ni kazi ya hospitali kubwa, na kidonda cha kinena chaweza kuoza. Wala haiondoi ugonjwa wenyewe: mwenye kuendelea na tumbaku mshipa wake waweza kuziba tena. Mwenye ugonjwa wa sukari naye aangalie nyayo zake kila siku.

Usiote mguu kama huo motoni, maana ngozi isiyo na damu huungua upesi. Na mguu ukipoa ghafula, ukapauka na kufa ganzi, nenda hospitali saa ile ile. Ng'ombe atakamuliwa na jirani.