Mazulia ya Amiri wa Castilla

Katika monasteri ya Masista wa Santa Klara kule Palencia, katika Hispania, yalikuwamo mazulia ya sufu, mengine yapita meta tano kwa urefu. Katikati yana ngao za ukoo wa Enríquez: ngome, simba, na nanga pembeni. Maana Fadrique Enríquez, aliyekufa mwaka 1473, alikuwa amiri wa bahari wa mfalme wa Castilla, na wazazi wake walizikwa katika monasteri ile. (Hata jina la cheo hicho Wazungu walilipata kwa Waarabu, kama sisi tulivyopata neno amiri.) Lakini tazama ukingo wa mazulia hayo: ni herufi za Kiarabu za namna ya Kikufi, zimepindwa hata hazisomeki tena, na kati yake watu na nyama wadogo.

Msomaji asidhani ya kuwa masista walidanganywa. Wafumaji walikuwa Waislamu wa Letur na Liétor, waliokaa chini ya wafalme Wakristo na kushika dini yao, waliitwa Mudéjar. Kazi yao inajulikana kwa fundo. Waturuki na Waajemi hufunga kila fundo juu ya nyuzi mbili za mtande. Hawa walifunga juu ya uzi mmoja tu, wakiruka uzi wa pili, na katika mstari uliofuata wakashika ule ulioachwa. Kwa hiyo mistari ya mshazari hutokea vizuri sana.

Wakristo walipenda kazi hii tangu zamani. Mwaka 1255 Eleanor wa Castilla alipofika London, watu wake walitandika mazulia hata chini, nao wenyeji wakacheka: nyumba imepambwa kama kanisa! Pia Papa Yoane XXII aliweka mazulia ya Hispania katika jumba lake la Avignon.

Basi Fadrique huyu alikuwa babu wa mfalme Fernando, na mwaka 1502 Fernando na Isabel waliwaamuru Waislamu wa Castilla wabatizwe au waondoke nchini. Tangu 1609 hata wajukuu wa wale waliobatizwa walifukuzwa. Hapo herufi za Kikufi zilikuwa zimekwisha kutoweka katika mazulia. Huko Alcaraz walifuma mataji ya majani kwa mtindo wa Italia. Lakini fundo lilibaki lile lile la uzi mmoja.