Kelele ya Feni na Njia ya Joto Katika Kompyuta Mpakato

Kompyuta mpakato inayopata joto kupita kiasi huku feni yake ikipiga kelele hufikishwa kwa fundi mara nyingi ikiwa imekwisha kuhukumiwa kwamba feni imekufa na dawa yake ni kuibadilisha. Hukumu hiyo hutolewa mapema mno. Feni ni kiungo kimoja tu katika mfumo wa kupoza wenye viungo vinne vinavyotegemeana: pesti inayopakwa juu ya prosesa, bomba la joto linalolichukua joto hapo na kulipeleka pembeni, mapezi membamba ya chuma yanayolipokea, na feni inayopitisha hewa katikati ya mapezi hayo. Hitilafu ya kiungo chochote huishia kusikika kwenye feni, kwa sababu feni ndiyo inayoamriwa kuongeza kasi kila joto linapopanda.

Kwa macho, bomba la joto huonekana kama ufito wa shaba uliobonyezwa, lakini ndani yake mna uwazi uliotolewa hewa na kutiwa maji kidogo sana. Kwa kuwa kanieneo ya ndani, yaani mgandamizo, ni ndogo, maji hayo hugeuka mvuke kabla ya kufikia nyuzi 100 za sentigredi; mvuke hukimbilia upande wa mapezi ulio baridi zaidi, huacha joto lake hapo na kugeuka maji tena, kisha maji hurudi kwa kunyonywa na utando wa shaba wenye vitundu vidogo uliomo kwenye kuta za bomba. Kifaa hiki, ambacho George Grover wa maabara ya Los Alamos nchini Marekani alikionyesha kikifanya kazi mwaka 1963, husafirisha joto kwa wepesi unaoipita mbali shaba tupu, ila hakiliondoi: kulitoa nje ni kazi ya hewa.

Hewa ikipungua, prosesa hujilinda. Nyingi zimewekewa kikomo cha kati ya nyuzi 95 na 105, na zinapokifikia hujipunguzia kasi zenyewe. Joto likizidi kupanda, mashine huzima ghafla. Hapo ndipo virusi au udogo wa kumbukumbu hulaumiwa kwa uzito ambao chanzo chake ni joto. Dalili ya kuutambua uzito wa aina hii ni kwamba mashine huwa nyepesi dakika za mwanzo, ikiwa imepoa, kisha hulemewa kazi inapoendelea. Katika miji ya pwani kama Dar es Salaam na Mombasa tatizo huja mapema zaidi, kwa kuwa kila nyuzi inayoongezeka katika hewa inayovutwa huongeza takriban nyuzi moja kwenye prosesa. Mashine ya mtumba iliyofanya kazi miaka kadhaa katika ofisi ya Ulaya yenye nyuzi 22 inaweza kuonekana nzima huko, na ikaanza kujizima ikiwekwa katika chumba chenye nyuzi 32.

Uchunguzi wa maana huanza kwa sikio, kabla ya bisibisi. Mvumo mkubwa ulio laini, unaopanda na kushuka kulingana na kazi, ni sauti ya hewa yenyewe, na maana yake ni kwamba feni ni nzima ila inalazimishwa kukimbia. Mkwaruzo mkavu, ambao mara nyingi huwa mkali zaidi mashine inapowashwa ikiwa baridi, hutoka kwenye bushi, yaani kikombe kidogo ambamo mhimili wa feni huzunguka. Mlio mwepesi wa kugonga unaojirudia, unaokuwa wa haraka zaidi kadiri kasi inavyoongezeka, kwa kawaida ni waya uliochomoka kwenye mkondo wake na kuguswa na mapanga ya feni. Sauti ikibadilika mashine inapoinamishwa upande, shaka juu ya bushi huongezeka, kwa sababu mhimili uliolegea huegemea ukuta mwingine.

Baada ya sikio hufuata kiganja, kikiwekwa mbele ya tundu la kutolea hewa wakati mashine imeelemewa na kazi. Hewa nyingi yenye joto kali huonyesha kwamba mfumo unafanya kazi na kwamba swali la kuuliza ni kwa nini prosesa inatumika sana, pengine kwa sababu ya programu iliyojificha inayoendelea kufanya kazi bila mwenye mashine kujua. Hewa haba yenye joto kali ni alama ya uchafu kwenye mapezi au feni iliyochoka. Hewa nyingi iliyo vuguvugu tu, ilhali prosesa inaungua, huonyesha kwamba joto halifiki kwenye mapezi, na katika hali hiyo kununua feni mpya ni kupoteza fedha.

Vipimo vya programu huthibitisha yaliyohisiwa. HWiNFO katika Windows, au amri ya sensors katika Linux, huonyesha joto la prosesa na, katika mashine nyingi, mizunguko ya feni kwa dakika. Feni yenye nyaya nne kwa kawaida hupata umeme wa volti 5 kwa nyaya mbili, hupokea amri ya kasi kwa waya wa tatu na kurudisha hesabu ya mizunguko kwa wa nne. Kwa hiyo prosesa ikiwa nyuzi 90 huku feni ikisoma mizunguko 1,500, ambapo nyingi hupita 3,000 zikiamriwa kukimbia kikamilifu, kuna uwezekano mkubwa kwamba amri inatolewa na feni inashindwa kuitii. Baadhi ya mashine za HP hutangaza kasoro hiyo zinapowashwa kwa msimbo 90B.

Mfuniko hufunguliwa baada ya kuchomoa chaja, na mara ukishafunguliwa plagi ya betri hutenganishwa na bodi. Vumbi linalodhuru halipo pale linapotazamwa na wengi. Mapezi yakichunguliwa kutoka nje huweza kuonekana safi kabisa, kumbe upande wa ndani, pale mdomo wa feni unapokutana nayo, kumejengeka utando mzito wa vumbi, nywele na nyuzi za nguo, uliosokotana kama sufi ya mto. Utando huo hutolewa kwa kibano au brashi baada ya kuinua mfuniko wa feni. Kupuliza kwa blowa kutoka nje, kama inavyofanyika katika vibanda vingi, huusukuma urudi ndani ya mapanga, na feni isiyozuiwa kwa kidole huzungushwa kupita kasi iliyoundiwa, ikaumiza bushi na hata kuzalisha umeme unaorudi kwenye bodi. Hesabu ya feni nayo haina huruma: kasi ikishuka hadi nusu, kiasi cha hewa hubaki nusu, lakini nguvu ya kuisukuma hewa ipenye mapezi yaliyosongwa hubaki robo.

Feni iliyosafishwa huzungushwa kwa ncha ya kidole. Iliyo nzima huendelea kidogo na kusimama taratibu, na mbovu hukwama papo hapo au huyumba. Tone la mafuta ya cherehani kwenye bushi hurudisha utulivu kwa muda, na halistahili kubezwa mahali ambapo kipuri hakipatikani, ingawa bushi iliyokwisha kulika hairudi katika umbo lake. Mafuta ya kupikia hayafai hata kidogo, kwa kuwa huganda na kunata.

Sinki la joto, yaani bomba pamoja na mapezi yake, likiondolewa, pesti ya zamani lazima ifutwe kwa spiriti na kupakwa mpya, tabaka jembamba linaloziba nafasi za hewa zisizoonekana kati ya prosesa na shaba. Skrubu nyingi za sinki hilo zimechorwa namba pembeni yake, nazo hukazwa kidogo kidogo kwa kufuata mpangilio wa namba hizo, la sivyo upande mmoja hulala na mwingine huinuka.

Prosesa ikiendelea kuungua baada ya yote hayo, huku feni ikienda kasi na mapezi yakiwa baridi, shaka hubaki kwa bomba. Likiwa limetolewa kwenye mashine, ncha yake moja huchovywa katika maji ya moto huku nyingine ikishikwa kwa vidole: bomba lililo zima hupata joto upande wa pili ndani ya sekunde chache, na lililopoteza uwazi wake wa ndani hukawia sana. Bomba hilo halizibiki wala halijazwi upya, na hununuliwa pamoja na sinki lake, mara nyingi feni ikiwa imeshikamana humo humo.