Nyimbo za Freddie Mercury nchini Tanzania

Nyimbo za Freddie Mercury ni nyimbo zilizotungwa au kuimbwa na Freddie Mercury (jina la kuzaliwa: Farrokh Bulsara, Zanzibar, 5 Septemba 1946 – London, 24 Novemba 1991), mwanamuziki wa Uingereza aliyekuwa mwimbaji mkuu wa bendi ya Queen. Yeye ni mzaliwa wa visiwa ambavyo leo ni sehemu ya Tanzania, lakini nyimbo zake zilisikika kwanza Ulaya, Marekani na Japani, na zilichelewa kufika nyumbani. Makala hii inaeleza sababu za kuchelewa huko, nyimbo zinazomfaa msikilizaji anayeanza, na mabishano yanayohusu jina lake Zanzibar.

Asili ya mwimbaji

Wazazi wake, Bomi na Jer Bulsara, walikuwa Waparsi, yaani watu wa India wanaofuata dini ya Zoroasta na ambao asili yao ya kale ni Uajemi. Baba yake alikuwa mtunza fedha katika ofisi ya serikali ya kikoloni ya Waingereza. Akiwa na umri wa miaka minane hivi, Farrokh alipelekwa India kusoma katika shule ya bweni ya St. Peter's, Panchgani. Huko alijifunza piano, akaanza kuitwa Freddie, na mwaka 1958 alikuwa mmoja wa wanafunzi walioanzisha bendi iliyoitwa The Hectics.

Alirudi Zanzibar mwaka 1963. Baada ya Mapinduzi ya 12 Januari 1964 familia yake ilikimbilia Uingereza na kukaa Feltham, magharibi mwa London. Hivyo aliondoka visiwani akiwa kijana wa miaka 17, mwenye kumbukumbu zake kamili za Mji Mkongwe. Hata hivyo hakupenda kuzungumzia asili yake mbele ya waandishi wa habari, na mashabiki wengi wa Ulaya hawakujua kwamba alizaliwa Afrika.

Sababu za kuchelewa kufika

Queen iliundwa mwaka 1970 na Mercury, Brian May (gitaa) na Roger Taylor (ngoma). John Deacon (gitaa la besi) alijiunga nao mwaka 1971. Albamu yao ya kwanza ilitoka mwaka 1973.

Miaka hiyo Tanzania Bara ilikuwa na redio ya taifa tu, Redio Tanzania Dar es Salaam, ambayo kazi yake mojawapo ilikuwa kukuza utamaduni wa nchi. Bendi za dansi zilirekodiwa na kupigwa hewani kila siku, lakini muziki wa kigeni ulitazamwa kwa mashaka. Mnamo Novemba 1969 muziki wa soul ulipigwa marufuku jijini Dar es Salaam kwa hoja kwamba unapotosha vijana. Muziki wa roki haukuwa na nafasi kubwa katika mazingira hayo. Aliyetaka kuusikia alitegemea santuri au kanda iliyoletwa na msafiri, au idhaa za nje.

Televisheni nayo ilichelewa. Zanzibar ilikuwa nayo tangu miaka ya 1970, lakini Bara ilianza kuwa na vituo mwaka 1994. Kwa hiyo tarehe 13 Julai 1985, Queen ilipopiga kwa dakika 21 hivi katika tamasha la Live Aid kwenye uwanja wa Wembley, mbele ya watu wapatao 72,000, watu wa Bara hawakuwa na kituo cha kwao cha kulitazama. Tamasha hilo lilikusanya fedha kwa ajili ya waliokumbwa na njaa Ethiopia. Redio na televisheni za binafsi zilipoanza, Mercury alikuwa amekwisha kufariki.

Nyimbo za kuanzia

Msikilizaji mgeni anapaswa kujua kwamba si kila wimbo wa Queen ulitungwa na Mercury. "We Will Rock You" ni wa May, "Another One Bites the Dust" na "I Want to Break Free" ni za Deacon, na "Radio Ga Ga" ni wa Taylor. Nyimbo zifuatazo ni za Mercury mwenyewe:

• "Killer Queen" (1974): wimbo mfupi wenye piano na sauti nyingi zilizopangwa kwa uangalifu. Ndio ulioipatia bendi umaarufu nje ya Uingereza.
• "Bohemian Rhapsody" (1975): una urefu wa karibu dakika sita na hauna kiitikio. Unaanza kwa sauti tupu, unapita katika wimbo wa polepole, kisha opera, kisha roki nzito, na kumalizika kwa utulivu. Sauti zinazosikika kama kwaya kubwa ni za watu watatu tu, Mercury, May na Taylor, zilizorekodiwa tabaka juu ya tabaka. Katika sehemu ya opera limo neno "Bismillah", ambalo mtu wa pwani hulitambua mara moja.
• "Somebody to Love" (1976): umejengwa kwa mtindo wa kwaya za injili za Wamarekani weusi. Aliyezoea kwaya za kanisani ataona ni rahisi kuanza na huu.
• "We Are the Champions" (1977): huimbwa viwanjani baada ya fainali za michezo. Wengi huufahamu bila kujua mtunzi wake.
• "Mustapha" (1978): una maneno ya Kiarabu yaliyochanganywa na maneno ya kubuni.
• "Crazy Little Thing Called Love" (1979): wimbo mwepesi wa mtindo wa roki ya miaka ya 1950.
• "Barcelona": aliuimba na Montserrat Caballé, mwimbaji wa opera wa Hispania, na ukatolewa mwaka 1987.

Mwimbaji na umati

Mercury alijulikana kwa kuwafanya wasikilizaji waimbe pamoja naye. Huko Wembley alitoa sauti bila maneno, umati ukamjibu, akabadili, nao wakamfuata. Utaratibu wa mwimbaji kuanzisha na umati kuitikia si mgeni Tanzania. Kwa Wasukuma, wakiwemo wa Itilima na Bariadi katika Mkoa wa Simiyu, vyama vya ngoma vya Bagika na Bagalu hushindana baada ya mavuno, na mtunzi hodari hupimwa kwa uwezo wa kuvuta watu upande wake. "We Will Rock You" nao unaendeshwa kwa miguu na makofi badala ya seti ya ngoma, hivyo hata asiyejua Kiingereza anaweza kuushiriki.

Mabishano

Mnamo Oktoba 1984 Queen ilipiga muziki Sun City, Bophuthatswana, wakati wasanii wa dunia walikuwa wametakiwa kususia Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi. Chama cha wanamuziki cha Uingereza kiliitoza bendi faini. Jambo hilo lina uzito wa pekee Tanzania, nchi iliyowapokea wapigania uhuru wa ANC na kuwapa ardhi Mazimbu, Morogoro. Bendi ilijitetea kwamba haikuwa na lengo la kisiasa, lakini lawama ziliendelea.

Huko Zanzibar, sherehe iliyopangwa Septemba 2006 kuadhimisha miaka 60 tangu kuzaliwa kwake ilifutwa baada ya jumuiya ya Uamsho kuipinga, ikisema kwamba mwenendo wa maisha yake haupatani na maadili ya Kiislamu ya visiwa hivyo. Wengine, hasa katika biashara ya utalii, waliona kwamba historia ya mji haiwezi kumwacha nje.

Kifo na urithi

Tarehe 23 Novemba 1991 Mercury alitangaza kwamba ana UKIMWI, na kesho yake alifariki. Mazishi yake yaliongozwa na makuhani wa dini ya wazazi wake. Wenzake waliandaa tamasha la kumkumbuka Wembley tarehe 20 Aprili 1992, na kutokana nalo ukaanzishwa mfuko wa Mercury Phoenix Trust unaosaidia mapambano dhidi ya UKIMWI duniani.

Filamu "Bohemian Rhapsody" ya mwaka 2018, ambamo Rami Malek aliigiza kama Mercury, ilipata tuzo nne za Oscar na kuwaletea nyimbo hizo wasikilizaji wapya. Novemba 2019 jumba la makumbusho lenye jina lake lilifunguliwa Shangani, Mji Mkongwe, miaka 55 baada ya familia ya Bulsara kuondoka.