KAZI KWA VIPANDE VIDOGO

Leo tutaeleza kwa nini kazi iliyofanywa kwa bidii huweza kuharibika mwishoni, na namna ya kuiokoa mapema. Mfano wetu mkubwa ni utengenezaji wa programu za kompyuta, lakini hata asiyepata kugusa kompyuta atafaidika, maana jambo lenyewe ni la kila kazi.

Tuanze na nguo. Mafundi cherehani watatu wameagizwa sare 20 za shule. Wa kwanza anakata, wa pili anashona, wa tatu anatia vifungo, na kila mmoja hutumia dakika 10 kwa nguo moja. Ikiwa mkataji atakata zote 20 ndipo ampe mshonaji, na mshonaji naye afanye vivyo hivyo, sare ya kwanza itakuwa tayari baada ya dakika 410, na ya mwisho baada ya dakika 600. Lakini kila nguo ikipelekwa mbele mara inapokwisha, sare ya kwanza itakuwa tayari baada ya dakika 30, na zote baada ya dakika 220. Mafundi ni wale wale, wala hakuna aliyeongeza mbio. Kilichopungua ni kungoja.

Iko faida nyingine iliyo kubwa zaidi. Tuseme mkataji amekosea kipimo cha mkono. Kwa njia ya kwanza, kosa litajulikana vitambaa vyote 20 vikiwa vimekwisha kukatwa. Kwa njia ya pili, mtoto atajaribishwa sare ya kwanza, na hasara itakuwa ya vitambaa vitatu au vinne tu.

Kanuni hii ilikuzwa sana nchini Japani. Sakichi Toyoda, mwana wa seremala, alivumbua mitambo ya kufuma nguo. Ule wa mwaka 1924 ulisimama wenyewe uzi ulipokatika, hivyo haukuendelea kufuma nguo mbovu. Mwanawe, Kiichiro, alianzisha kampuni ya motokaa ya Toyota mwaka 1937. Humo, baada ya Vita Kuu ya Pili, Taiichi Ohno alipanga kwamba kifaa kisitengenezwe mpaka kituo kinachofuata kikihitaji. Mfanyakazi aonaye kosa huvuta kamba kuita msaada. Kosa lisipoondolewa upesi, kazi husimama.

Sasa tuje kwenye kompyuta. Kitambaa kilichokatwa vibaya huonekana mezani, lakini programu yenye kosa hukaa kimya mpaka mtu aitumie. Hata hivyo, kwa miaka mingi desturi ilikuwa kuandika kwanza mahitaji yote, kisha kutengeneza programu nzima, kisha kuijaribu. Mwenye kuitumia aliiona mwisho kabisa. Mwezi wa Februari 2001, wataalamu 17 walikutana Snowbird, katika jimbo la Utah, Marekani, wakatoa tamko la njia nyingine, iitwayo ajaili, maana yake wepesi. Walishauri programu itolewe kidogo kidogo, kila baada ya majuma au miezi michache, nayo iwe inafanya kazi kweli, ili mtumiaji aseme mapema penye kasoro.

Je, yafaa? Shirika la upelelezi la Marekani, FBI, mwaka 2005 liliacha mradi wa kutunza majalada ya kesi kwa kompyuta, uliokuwa umekula dola zipatazo milioni 170. Mradi mwingine ulianza mwaka 2006, nao ukachelewa. Mwaka 2010 shirika likachukua kazi mikononi mwake, likaigawa kwa vipande vya majuma mawili mawili. Mwaka 2012 wafanyakazi wake wakaanza kuutumia.

Msidhani kwamba njia hii ni kufanya kazi bila mpango. Mpango upo, ila hupimwa kila kipande kinapokwisha. Wala haifai kugawa kazi ikiwa hakuna atakayevikagua vile vipande.

Ofisini hali ni ile ile. Maombi ya mstaafu anayetaka malipo yake huweza kushughulikiwa kwa saa moja tu kwa jumla, lakini yakakaa miezi juu ya meza mbalimbali. Kumhimiza karani aandike upesi hakutasaidia sana. Dawa ni kuondoa kule kungoja. Andikeni juu ya kila jalada tarehe lilipofika kila meza na tarehe lilipoondoka. Hamtakawia kuona linapolala. Kisha karani asifungue jalada jipya mpaka amalize yale aliyo nayo, na penye kosa lirudishwe siku ile ile. Mstaafu yule amekwisha kulipa nauli mara tatu kuja kuuliza. Kila siku moja tunayoipunguza ni chakula nyumbani kwake.

Mkiisha kusikiliza, jadilini katika vikundi vyenu maswali haya:

1. Katika kazi yenu, ni wapi vitu hungoja kwa muda mrefu kuliko vinavyoshughulikiwa?
2. Mfanyakazi mdogo akiona kosa, je, ana ruhusa ya kusimamisha kazi? Kama hana, nani hulipa hasara?
3. Ni kipande gani kidogo mwezacho kumwonyesha mwenye kazi juma hili?