Mashua Itie Nanga Wapi? Mambo ya Kujua Kabla ya Kwenda Ziwani

Soko la Daraja Mbili liko mjini Kisii, mbali na maji makuu. Hata hivyo, omena, mbuta na ngege wanaouzwa katika masoko yetu hutoka Ziwa Victoria, kupitia fuo za kaunti jirani za Homa Bay na Migori. Baadhi ya wafanyabiashara huondoka nyumbani alfajiri kufuata samaki ufuoni. Wapo vijana wanaokwenda kutafuta vibarua vya mashua, na wakati wa likizo familia huvuka kutoka Mbita kwenda kisiwa cha Mfangano.

Wote hao hupanda mashua au husubiri mashua ifike. Mara nyingi nahodha ana njia mbili: kwenda kwenye ufuo uliosajiliwa, wenye watu na ushuru, au kutia nanga katika ghuba ndogo iliyotulia, mbali na macho ya watu. Kwa mkazi wa nyanda za juu asiyelizoea ziwa, palipotulia huonekana ndipo penye usalama zaidi. Makala haya yanaeleza kwa nini sivyo siku zote, na ni wakati gani ghuba tulivu huokoa maisha.

Ufuo uliosajiliwa una nini

Katika upande wa Kenya, fuo za wavuvi husimamiwa na kamati za usimamizi wa fuo, ambazo wengi huzijua kwa jina la BMU. Kanuni za kamati hizi zilitolewa mwaka 2007, na uvuvi kwa jumla unaongozwa na Sheria ya Usimamizi na Maendeleo ya Uvuvi ya mwaka 2016. Kamati hushirikiana na maafisa wa uvuvi wa serikali. Huandikisha wavuvi na mashua, huweka kumbukumbu za samaki wanaoteremshwa, na husimamia usafi wa ufuo.

Kwa msafiri au mnunuzi, faida kubwa ni kwamba kuna anayejua mashua gani imetoka na nani yumo. Isiporudi kwa wakati, kuna wa kuuliza na kuna mashua nyingine za kwenda kuitafuta. Samaki hupimwa kwa mizani mbele ya watu. Injini ya mashua, ambayo ndiyo mali ghali kuliko zote na ndiyo wezi huifuata kwanza, haiachwi bila mlinzi.

Kasoro zake pia zinajulikana. Kuna ushuru, kuna msongamano asubuhi mashua zinaporudi, na mara nyingine mashua hugongana zikisukumwa na mawimbi. Si kila ufuo una gati, choo safi au barafu ya kutosha.

Kwa nini wengine huchagua ghuba tulivu

Swali hili haliko ziwani pekee. Katika Bahari ya Hindi, wanaosafiri kwa mashua za tanga hulijadili kila siku: walipe ili kukaa katika bandari ndogo yenye maji, umeme na ulinzi, au watie nanga bure katika mkono wa bahari uliotulia kama ule wa Kilifi? Manahodha wa majahazi wa zamani walikuwa na hesabu yao. Walisafiri na kaskazi, wakarudi na kusi, na walijua ni wapi pwani pangewakinga upepo ukibadilika.

Ziwani, sababu za kuchagua ghuba tulivu ni kuokoa mafuta, kuwa karibu na mahali pa kuvulia, kupumzika bila kelele, na kujikinga na dhoruba. Hizo ni sababu halali. Nyingine si halali: kukwepa ushuru, kuficha nyavu zilizopigwa marufuku, au kuteremsha samaki katika msimu uliofungwa. Kwa mfano, uvuvi wa omena upande wa Kenya hufungwa kila mwaka kuanzia Aprili hadi Julai ili samaki hao wazaane.

Mnunuzi anayeitwa usiku kwenye ghuba isiyo na jina, akiwa na pesa taslimu mfukoni, ajiulize ni sababu ipi kati ya hizo iliyoileta mashua pale.

Upepo unaoleta mvua Kisii ndio unaoinua mawimbi

Wakazi wa Kisii na Nyamira wanaijua mvua ya alasiri inayokuja na radi na mara nyingine mawe. Chanzo chake kimojawapo ni ziwa lenyewe. Mchana nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji, hewa ya nchi kavu hupanda, na upepo wa ziwani huvuma kuelekea huku kwetu. Ukikutana na vilima vya Gusii hupanda juu, hupoa, na mawingu ya mvua hujengeka. Usiku mambo hugeuka: nchi kavu hupoa, upepo huvuma kuelekea ziwani, na dhoruba nyingi za katikati ya ziwa hutokea kati ya usiku na asubuhi.

Kwa hiyo ghuba iliyo kama kioo saa nne asubuhi inaweza kuchafuka kabisa saa kumi alasiri. Katika pwani yetu ya mashariki mwa ziwa, upepo wa mchana husukuma mashua kuelekea nchi kavu. Ghuba iliyo wazi upande wa magharibi haina kinga, na nanga ikiteleza mashua hutupwa kwenye mawe. Ghuba nzuri ya kujikinga ni ile yenye kilima au rasi kati yake na upepo.

Ziwa Victoria lina ukubwa wa takriban kilomita za mraba 68,800, lakini kina chake kwa wastani ni mita 40 hivi tu, na Ghuba ya Winam ina kina kifupi zaidi. Mahali ambapo maji hayana kina, mawimbi huwa mafupi na ya wima, na hujaza mashua upesi.

Nanga na sakafu ya ziwa

Watu wengi hudhani nanga hushikilia mashua kwa uzito wake. Ukweli ni kwamba nanga ya chuma hushika kwa kujichimbia kwenye sakafu ya ziwa, na hujichimbia ikiwa tu kamba inaivuta kwa mlalo. Kamba ikiwa fupi, kila wimbi huinyanyua. Kanuni inayotumiwa na mabaharia wengi ni kutoa kamba yenye urefu wa mara 5 hadi 7 ya kina cha maji. Kwenye maji ya mita 3, hiyo ni kamba ya mita 15 hadi 21. Jiwe lililofungwa kamba fupi linatosha maji yakiwa shwari, wala halipaswi kuaminiwa usiku wa dhoruba.

Tope gumu na mchanga hushika vizuri. Mawe matupu na majani mengi hayashiki. Gugu maji nalo huleta hatari yake: upepo ukigeuka, zulia zima la magugu huweza kuifunga mashua ndani ya ghuba au kuiburuta pamoja na nanga yake.

Viboko, kichocho na mbu

Palipotulia na penye mafunjo ndipo viboko hupenda. Hutoka majini jioni kwenda kula nyasi na hurudi alfajiri, saa zile zile ambazo mashua za siri huja kuteremsha samaki. Anayesimama kati ya kiboko na maji yuko hatarini.

Maji ya kina kifupi, yaliyotulia na yenye majani, ni makao ya konokono wanaoeneza kichocho. Ugonjwa huu huingia kupitia ngozi, hivyo kukanyaga maji dakika chache kunatosha kuupata. Aliyeingia majini na baadaye akaona damu kwenye mkojo au kinyesi afike kituo cha afya.

Kuhusu malaria, wakazi wa nyanda za juu wana sababu ya kuwa waangalifu zaidi. Wenyeji wa ziwa huishi na ugonjwa huu mwaka mzima na miili ya watu wazima wengi imejenga kiasi cha kinga. Mtu wa Gusii hana kinga hiyo. Akilala ufuoni bila chandarua anaweza kuugua vibaya siku kadhaa baada ya kurudi nyumbani. Akipata homa, amwambie mhudumu wa afya kwamba alikuwa ziwani.

Ufuo rasmi pekee hautoshi

Tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka upande wa Tanzania kikiwa kimekaribia gati la kisiwa cha Ukara. Zaidi ya watu 200 walifariki. Kivuko hicho kilikuwa na uwezo wa kubeba watu takriban 100. Kilikuwa kinafika mahali rasmi, na gati lilikuwa linaonekana. Kilichoua ni mzigo kupita kiasi.

Mkazi asiridhike kwa sababu tu mashua inatoka kwenye ufuo unaotambuliwa. Ahesabu watu, aangalie mizigo, na asipande iwapo hakuna jaketi la kuokolea la kumtosha kila abiria. Jaketi livaliwe na kufungwa kabla ya kuondoka, kwa sababu mashua ikishajaa maji hakuna nafasi ya kulitafuta chini ya magunia.

Mchango wetu: Mto Gucha

Mto Gucha huanzia vilima vya Kiabonyoru katika Kaunti ya Nyamira, hupita Kisii, na huingia ziwani katika Kaunti ya Migori, ambako wengi huuita Kuja. Udongo unaosombwa kutoka mashamba yetu ya miteremkoni huishia mdomoni mwa mto huo. Huko hupunguza kina cha maji na kufunika sehemu ambazo samaki hutaga mayai. Mbolea inayosombwa pamoja na udongo hulisha gugu maji. Mkulima anayepanda nyasi kwenye matuta na kuacha ukingo wa mto bila kulimwa anasaidia ghuba zile zile ambako samaki wa Daraja Mbili huzaliwa.

Mambo ya kukumbuka

• Kwa kupanda, kushuka na kununua samaki, tumia ufuo uliosajiliwa. Ushuru ni gharama ndogo ukilinganishwa na kupoteza pesa zote au maisha.

• Dhoruba ikianza mkiwa majini, msilazimishe kufika ufuo mlioukusudia. Ingieni ghuba ya karibu iliyokingwa na upepo, mtie nanga kwa kamba ndefu, msubiri. Katika hali hiyo ghuba tulivu ndiyo chaguo sahihi.

• Sikiliza utabiri wa Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa ya Kenya kabla ya safari. Ukiweza, vuka asubuhi.

• Mwachie mtu nyumbani taarifa: ufuo unaoondokea, mashua utakayopanda na saa unayotarajia kurudi. Saa ikipita bila habari, mtu huyo apige 999 au 112.

• Mfanyabiashara asikubali kukutana na muuzaji usiku mahali pasipojulikana. Samaki asiye na kumbukumbu ya ufuo hana wa kumjibia akimdhuru mteja.

Nahodha mzuri hazioni sehemu hizi mbili kuwa washindani. Anaujua ufuo wake na anazijua ghuba zote zilizo njiani kuufikia. Kabla ya kulipa nauli, mkazi amuulize: upepo ukigeuka, tutajikinga wapi? Asipopata jibu, atafute mashua nyingine.