Nauli ya Ndege kwa Kijana Aendaye Usaili

Kijana wa Kisaka, wilayani Serengeti, anapoitwa kwenye usaili wa chuo huko Dar es Salaam, mwendo wa barabara uzidio kilomita 1,000 humtia mzazi wake hamu ya kumpandisha ndege Mwanza, ili afike na akili timamu badala ya kufika amevimba miguu. Nayo hamu hiyo si anasa, ila yahitaji hesabu. Mashirika ya ndege hugawa viti vya safari moja katika mafungu ya bei, na fungu la bei nafuu aghalabu ndilo liishalo kwanza, basi anunuaye mapema huweza kulipa kidogo kuliko jirani yake wa kiti. Lakini tahadhari: tiketi ya bei nafuu kwa kawaida ndiyo ngumu kubadilishwa, ilhali tarehe za usaili huahirishwa, kwa hiyo ni hekima kungoja tarehe ithibitishwe kwa maandishi, kisha kulipa siku ile ile.

Mimi naona bora aende kwa ndege na kurudi kwa basi, maana arudiye hana wa kumsaili. Achukue begi dogo la mkononi, asije akatozwa mzigo. Na alale Mwanza kwa jamaa, kwani basi litokalo Mugumu, mji wa wilaya, likipata pancha njiani, ndege haimngoji mtu. Aitwaye Nairobi hana haja ya ndege kabisa. Akishavuka mpaka wa Sirari atapata basi upande wa Kenya.

Na kabla ya yote hayo, mzazi mwenzangu, kiulize chuo kwa adabu kama usaili waweza kufanywa kwa video.